Mikungu ya Kagoma

Ta Byarugaba wa Nyanga, Bukoba, alikuwa anajua kuendesha gari kuliko watu wote, na kama hukuwa unalijua hilo, ilitosha kukaa naye kidogo tu, angekujulisha mwenyewe. Alistaafu ukaguzi wa shule, akapokea kiinua mgongo, akanunua Noah iliyokuwa imeshatumikia mabwana wengi kabla yake, kisha akaenda kusoma udereva wa kujihami kwenye chuo kimoja mjini Bukoba. Wenzake darasani walikuwa vijana wa bodaboda. Yeye alikaa mbele, akauliza maswali kwa Kiingereza, mwalimu akamjibu kwa Kiswahili. Cheti alichopewa kilitundikwa sebuleni kando ya picha ya Moyo Mtakatifu, tena juu kidogo ya picha. Padri alipokuja kubariki nyumba aliliona hilo, akanywa chai yake.

Tangu hapo hakuna aliyepanda gari lile bila kufundishwa. Ukiomba akusogeze mjini, unasomeshwa nafasi ya kuacha kati ya gari na gari. Ukikohoa, unaambiwa kwa nini dereva hatakiwi kugeuka kumtazama anayekohoa. Mkewe, Ma Alistidia, alikuwa ameshayasikia yote, na alizoea kuitikia "ehe" huku akili yake ikiwa kwenye maharage aliyoyaacha jikoni.

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mteremko. Mteremko unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, alisema, na unaiingiza ukiwa bado huku juu, siyo ukifika katikati. Breki si za kukalia njia nzima. Ukizikalia zinapata moto, zikipata moto hazishiki, na zisiposhika utaanza kuwaita watakatifu ambao hujawahi kuwasalia. Hapo alikuwa akinyamaza kidogo ili watu wacheke, na mwanawe Joackim, kijana mpole aliyekuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alicheka kila mara kwa sababu ya heshima.

Yote hayo yalikuwa kweli. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana huko mbele mtataka kusema mzee hakujua. Alijua vizuri sana.

Joackim alikuwa amempata mchumba, Dativa, binti wa Ta Kyaruzi wa Kagoma, kule Muleba. Kyaruzi alikuwa mtu wa kahawa na migomba, mwenye kibanja kinachotunzwa mpaka kikang'aa, na mwenye ndugu wengi ambao kila mmoja alikuwa na kibanja chake na kiburi chake. Jumamosi moja familia ya Nyanga ilipanda Noah kwenda kupanga siku ya harusi. Walibeba lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakala matoke na kuku, wakatafuna kahawa, wakakubaliana tarehe, na shughuli yote ikaenda salama mpaka ulipofika wakati wa kuaga.

Kwetu mkwe haondoki mikono mitupu. Anafungashiwa ndizi, na mkungu anaopewa mkwe si chakula tu. Ni uso wa nyumba iliyoutoa. Ukiukataa, au ukiuacha njiani, au hata ukiuulizia maswali, umesema kwamba na binti wa nyumba hiyo humtaki, na hakuna mshenga atakayeweza kuyarudisha maneno hayo. Kyaruzi akatoa mkungu wake, mkubwa wa kutisha. Kaka yake akaona hawezi kushindwa hapo hapo mbele ya wageni, akaenda kuukata wa kwake. Wa tatu naye akaenda. Mikungu ikaja mpaka buti likajaa, wakahamia juu kwenye keria, wakafunga kwa kamba za migomba, na Noah ikaanza kukaa chini kwa nyuma taratibu.

Joackim alimsogelea baba yake akamnong'oneza kwamba matairi ya nyuma yanakaribia kugusa bodi.

"Nimeyaona," Byarugaba alisema.

"Basi tuwaambie, baba."

"Tuwaambie nini? Kwamba Dativa tunamtaka ila ndizi za baba yake zinatuelemea?"

Kyaruzi alikuwa amewaona wakinong'ona. Akauliza kwa sauti ya kusikika na wote kama gari la mkwe linaweza, au amtume mtu akatafute lori. Ndugu zake wakacheka. Byarugaba alihisi masikio yanamwaka moto. Miaka yote alikuwa akiingia kwenye shule za watu na walimu wanasimama, na leo wakulima wanalicheka gari lake.

"Waitu mkwe, hili ni gari," alisema. "Ongezeni."

Wakaongeza. Kilichokosa nafasi kwenye buti kikaingizwa ndani, mkungu mmoja miguuni kwa Alistidia na mwingine mapajani kwa Joackim, aliyebaki kuonekana kuanzia kwenye macho kwenda juu. Na walipodhani wamemaliza, akatokea Kokubanza na mkoba wake. Huyu alikuwa dada wa Kyaruzi, shangazi wa bibi harusi, mkazi wa Bukoba mjini, na ndiye aliyekuwa akisambaza habari zote za ukoo ule kabla hazijakamilika. Alisema haina maana apande basi wakati wakwe wanaelekea huko huko. Akapewa kiti cha mbele kwa heshima, akafunga mkanda, akaanza kutazama kila kitu.

Walipita Muleba mjini bila tatizo. Byarugaba alikuwa ameshaanza somo la tahadhari kwa waenda kwa miguu, Kokubanza anasikiliza kwa adabu, na huko nyuma Alistidia ameweka miguu juu ya ndizi na kufumba macho. Mbele kidogo barabara inafika ukingoni mwa kilima, halafu inashuka mteremko mrefu wenye kona, upande mmoja ukuta wa udongo na migomba, upande wa pili bonde.

Hapo juu mkono wa Byarugaba ulikwenda wenyewe kwenye gia. Akairudisha kutoka ya nne hadi ya tatu, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha. Gari likanguruma. Kwa mzigo ule lilinguruma kweli kweli, mpaka vioo vikatetemeka.

Kokubanza akageuka. "Ta Byarugaba, mbona linalia hivyo? Limechoka?"

Swali lilikuwa la kawaida tu, la mtu asiyejua magari. Lakini Byarugaba alilisikia likiwa limeshafika Kagoma. Aliwaona ndugu za Kyaruzi wamekaa barazani wanaambizana kwamba gari la mkaguzi lililia kwa mikungu michache ya ndizi. Akarudisha gia ya nne, gari likatulia, likawa linateleza kimya kama la waziri. Kisha akaweka mguu kwenye breki, akaukalisha hapo.

"Halijachoka, shangazi," alisema. "Nilikuwa nalisikiliza."

Kona ya kwanza wakaipita, na ya pili. Ikaanza kuja harufu ya kitu kinachoungua. Kokubanza alisema kuna watu wanachoma taka karibu na barabara, akapandisha kioo. Byarugaba akakanyaga zaidi. Kanyagio likashuka chini zaidi ya kawaida yake, na gari halikupunguza mwendo. Akakanyaga tena, likashuka mpaka mwisho.

Sasa sikilizeni alichofanya. Mtu mwingine angesema "breki zimekwisha, shikeni sana." Yeye alikohoa kidogo, akaikaza tai yake kwa mkono mmoja, akaanza kufundisha.

"Shangazi, ngoja nikuonyeshe jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Tuchukulie kwamba gari limekataa breki. Just suppose. Dereva aliyesoma anafanya nini?"

Alistidia akafumbua macho. Alikuwa ameishi na mwanamume yule muda mrefu, na alijua kwamba mumewe huingia kwenye Kiingereza katika hali tatu: akiwa mbele ya wakubwa, akiwa na hasira, na akiwa anaogopa. Wakubwa hawakuwemo garini, na hasira hakuwa nayo. Alistidia akaitoa rozari kwenye mkoba.

"Kwanza hazimi injini," Byarugaba aliendelea, "maana akiizima usukani unakuwa mzito. First. Pili anapiga kanyagio haraka haraka, namna hii, huenda breki zikarudi kidogo. Tatu anashusha gia moja moja, hairuki." Akashusha ya tatu, gari likalia, na safari hii hakujali. Akawasha taa, akabonyeza honi na kuishikilia, kwa sababu mbele kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyebeba ndizi zake mwenyewe. Mtu yule alitazama nyuma, akaiacha baiskeli, akaruka mtaroni. "Nne, anawajulisha wenzake. As you can see."

"Naona," alisema Kokubanza, ambaye alikuwa ameushika mlango kwa mikono yote miwili. "Unaonyesha vizuri."

"Tano, breki ya mkono. Haivuti yote kwa mara moja, matairi yatajifunga gari ligeuke. Anaivuta kidogo, anaachia, anavuta." Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Na hapa lazima nimtendee mzee haki: kila alichokisema alikifanya, na alikifanya sawasawa. Kama asingekuwa amekisoma, hadithi hii ingesimuliwa na watu wa mazishi. Lakini gari lilikuwa limebeba ukoo mzima wa ndizi, likapungua mwendo kidogo tu, na kwenye kona ya chini basi lilikuwa linapanda.

"Sita," alisema, na sauti ikakatika. "Sita, anatafuta mahali panapopanda."

Kushoto kulikuwa na kijia cha udongo kinachopanda kwenda nyumbani kwa watu. Akakata usukani. Keria ikapiga kelele, kamba zikakatika, mikungu ikaanza kuruka mmoja mmoja, na Noah ikapanda kijia kile, ikapita katikati ya turubai kubwa la kahawa iliyoanikwa, ikapunguza, ikapunguza, ikasimama pua ikiwa ndani ya mgomba.

Injini ililia, Byarugaba akaizima. Mikono yake ilikataa kutoka kwenye usukani.

"Na hiyo," alisema, "ndiyo udereva wa kujihami."

Mwenye kahawa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliitazama kahawa yake iliyotapakaa mpaka mtaroni, akalitazama gari, akavuta pumzi puani. Akasema breki zimeungua, zinanuka mpaka ndani kwake, na akauliza ni nani aliyempa leseni mtu wa namna hii. Kokubanza alikuwa ameshashuka. Mkoba wake ulikuwa umebaki garini lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Mama, punguza ukali," alimwambia. "Huyu ni mtaalamu. Alikuwa ananionyesha."

Mwenye kahawa akawatazama wote wawili, akaona hakuna wa kuongea naye. Ma Alistidia alishuka pole pole akiwa na gomesi lake la sherehe, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kuokota kahawa ile punje kwa punje. Joackim akaja kumsaidia. Byarugaba alitaka kusema neno, lakini mkewe hakuinua uso. Alisema kwa sauti ya chini, ili Kokubanza asisikie, maana hata wakati ule bado alikuwa anailinda heshima ya mumewe.

"Ulikuwa tayari tufe sote, baba Joackim, ili dada wa mtu asisikie gari likinguruma."

Mikungu iliyoanguka ilikusanywa, yote, pamoja na iliyopasuka. Kokubanza alihakikisha.

Habari ilifika Kagoma kabla fundi hajamaliza kubadilisha breki. Kokubanza aliisimulia kwa simu, kisha akaisimulia tena kwenye msiba, na kila alipoisimulia mteremko ulirefuka. Mkwe wetu wa Nyanga, alisema, anashuka kilima bila breki kwa kupenda, huku anakufundisha kwa Kiingereza. Ndugu za Kyaruzi waliokuwa wakicheka waliacha. Kyaruzi akatangaza kwamba siku ya harusi Dativa hatapanda gari la kukodi. Atapelekwa kanisani Bukoba na baba mkwe mwenyewe, pamoja na ndizi zote, na safari hii hakuna haja ya kuona haya, mzigo upakiwe wa kutosha.

Joackim aliposikia hilo alikosa usingizi. Alikwenda kwa baba yake akamwambia kwa mara ya kwanza maishani neno lisilo na adabu: kwamba anayetaka kupakiwa chini ya ndizi zile ni mke wake, na kwamba ni lazima watu waambiwe ukweli. Byarugaba alikubali. Alimpigia Kyaruzi simu, akamweleza kwamba siku ile breki zilikuwa zimekufa kweli, kwa uzito, na kwamba alikuwa anaogopa.

Kyaruzi akacheka kwa furaha. "Mkwe, acha kujishusha," alisema. "Ndiyo maana tunakupenda. Umesoma na hujisifu."

Jamani. Byarugaba alisifiwa mambo mengi maishani, lakini hilo la kutojisifu hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Lilimwingia vizuri mno. Alifungua mdomo asahihishe, akaufunga, akatuma salamu kwa watoto, akakata simu. Mkewe, aliyekuwa amekaa pale pale anachambua maharage, alimwambia kwamba siku ya harusi yeye atakwenda Kagoma kwa basi. Na kweli akaenda kwa basi, na gomesi lake kwenye mfuko, mumewe akiwa mbele na Noah iliyooshwa.

Byarugaba alipofika Kagoma asubuhi ile, alikaribishwa ndani kunywa chai. Alipotoka, gari lilikuwa limeshapakiwa. Keria haikuonekana. Buti lilikuwa limefungwa kwa kamba kwa sababu lilikataa kufunga lenyewe. Ndugu za Kyaruzi walikuwa wamejipanga pembeni, kila mmoja akiutazama mkungu wake, na wanakwaya walikuwa wanaimba. Dativa alitolewa kwa vigelegele, akaketishwa nyuma na msimamizi wake, na Kokubanza akapanda kiti chake cha mbele bila kuulizwa.

Uwanja wa Kyaruzi una mwinamo mdogo kabla ya kufika barabarani. Byarugaba akawasha gari, akaachia, likateremka hatua chache, akagusa breki. Breki zilikuwa mpya. Zilishika, lakini si pale alipotaka. Gari lilijivuta mbele kwanza, zito, ndipo likasimama.

Akatazama kwenye kioo. Dativa alikuwa amekaa na shela lake, mkungu wa ndizi umebanwa katikati ya miguu yake, majani yamegusa gauni. Mkungu mwingine ulikuwa mapajani kwa msimamizi. Binti yule alipoona anatazamwa alimtabasamia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ameambiwa kwamba huyu ni mtaalamu, na alikuwa amemwamini.

Byarugaba akazima gari.

Alishuka, akavua koti la suti, akalitundika kwenye mlango. Akaenda nyuma, akafungua kamba, akautoa mkungu wa kwanza, ule wa Kyaruzi mwenyewe, akauweka kichwani. Kwetu mwanamume wa umri ule, tena mwenye tai, habebi ndizi kichwani, na wanakwaya walipomwona wimbo ukafia njiani. Akatembea nao hivyo mbele ya watu wote, shingo inatetemeka, mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba, akautua.

Kyaruzi alisimama. Uso ulikuwa umembadilika. "Mkwe, unanirudishia ndizi?"

"Nakurudishia ndizi, mkwe," alisema Byarugaba. "Binti namchukua."

Mmoja wa ndugu alisema neno la Kihaya ambalo sitaliandika. Byarugaba hakungoja wamalize kukasirika. Alisema, kwa Kiswahili kitupu na kwa sauti ya kukatika, kwamba siku ile hakuwa anaonyesha chochote. Breki zilikufa kwa sababu alibeba mzigo aliojua hawezi kuubeba, na kwa sababu aliona aibu gari lake kunguruma mbele ya shangazi. Aliharibu kahawa ya mama wa watu, na mkewe akapiga magoti kuiokota. Kama wanataka kumvunjia uchumba, wavunje, lakini Dativa hatashuka mteremko ule chini ya ndizi, akiwa yeye ndiye dereva.

Kisha akarudi kuchukua mkungu wa pili. Alipoinama aliona mikono mingine imeshaushika upande wa pili. Ma Alistidia alikuwa ametoka kwenye kundi la wanawake, amekaza mkanda wa gomesi. Waliubeba pamoja, wakarudi, wakabeba mwingine. Dativa akafungua mlango, akausukuma nje kwa kiatu chake cheupe ule uliokuwa miguuni.

Kyaruzi aliangalia mpaka rundo likawa kubwa mlangoni kwake. Hakusema amesamehe, na sidhani kama alikuwa amesamehe. Alisema tu kwamba kanisani watachelewa.

Alistidia akapanda nyuma, pembeni ya bibi harusi, akamfungia mkanda juu ya gauni. Walipita Muleba. Pale juu ya kilima Byarugaba akapunguza mwendo, akaingiza gia ya tatu, akafikiri, akaingiza ya pili. Noah ikanguruma mteremko mzima, vioo vinatetemeka, magari ya nyuma yanapiga honi. Kokubanza alifungua mdomo mara moja, akamtazama Alistidia kwenye kioo, akaufunga.

Chini kabisa, kwenye kile kijia, mwenye kahawa alikuwa ameanika tena. Alisikia mngurumo, akainua kichwa, akaitambua Noah. Akatupa mwiko, akalishika turubai kwa pembe mbili, akaanza kulivuta kuelekea nyumbani kwa nguvu zake zote.

Byarugaba akapiga honi kidogo, ya salamu, akapita pole pole upande wake wa barabara.